Mahindi Tuliyowarushia

"Usithubutu kutia sahihi, Nelda! Watachukua lori, kisha watanichukua na mimi."

"Punguza sauti, Nibaldo," nilimwambia mume wangu. "Ermelinda yuko mlangoni."

Ermelinda ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Mwanawe Lautaro, fundi wa kiwanda cha nguo, alikamatwa siku tatu baada ya wanajeshi kuipindua serikali. Sasa alikuwa amefungiwa kwenye uwanja wa mpira wa Santiago pamoja na maelfu ya wengine. Asubuhi hiyo afisa alimwambia mama yake alete mtu ambaye wanajeshi wanamwamini, amdhamini kijana kwa maandishi kabla ya saa sita. Baada ya hapo angepelekwa kambini, jangwani.

"Mama wanamwamini," alisema binti yetu Jimena. "Si ndiye aliyewarushia mahindi?"

"Funga mdomo!" Nibaldo alimkemea.

Lakini ni kweli. Mwezi Agosti akina mama tulisimama nje ya shule ya kijeshi tukawarushia wanajeshi mahindi, tukawaita kuku, kwa kuwa walikuwa wanaogopa kuipindua serikali. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Wakati huo malori yote yaligoma kuipinga serikali, la Nibaldo likiwemo, na bado mezani kwetu palikuwa na nyama. Chama cha wenye malori kilitugawia dola. Zilitoka kwa Wamarekani. Hakuna aliyeuliza, kila mtu alijua. Upande wa pili wa ukuta Ermelinda alikosa hata mkate, kwani unga ulikuwa umekwama bandarini. Nilimsikia akimbembeleza mjukuu wake alale. Nikaendelea kula.

"Kwani mimi ndiye niliyewaleta wanajeshi?" Nibaldo aliuliza.

"Tuliwaita, mume wangu. Wakaja."

Ermelinda alichungulia. "Mwalimu, kama haiwezekani, niambie tu. Nimkimbilie padri."

Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Nilivua aproni, nikachukua kitambulisho na cheti changu cha ualimu, maana wanajeshi wanapenda mihuri. Nibaldo alikuwa ameziba mlango.

"Sogea."

"Nelda..."

"Sogea, saa tano hii."

Alisogea.

Uwanjani, afisa aliyekaa mezani alikuwa na umri wa wanafunzi wangu. "Senyora, akikosea huyu, utajibu wewe. Unaelewa?"

"Naelewa. Lete kalamu."

Niliandika jina langu, ukoo wa baba, ukoo wa mama na namba ya nyumba, kisha nikatia sahihi.