Mafaili Mawili, Kidole Kimoja

...kwa hiyo kidole kiko pale pale kwenye kioo cha mashine, karani hajamwambia akiondoe na yeye hawezi kukiondoa, anahisi kikiondoka tu ile picha itashuka kwenye skrini imfuate, picha ya mtoto wa kike wa miaka sita, amefungwa kitambaa chenye madoa kichwani, jicho la kushoto dogo kidogo kuliko la kulia, na jicho hilo analijua, analiona kila asubuhi kwenye kioo cha kabati, analiona kwa mwanawe, huyu aliyelala mgongoni sasa hivi anakoroma taratibu na kumwagia joto lake lote shingoni, na karani ameinua miwani akaibandika kwenye paji la uso, anasoma tena alichokwisha kusoma, anasema faili hili si la kwetu, dada, limetoka ng'ambo ya mto, tangu serikali mbili ziunganishe madaftari yao mwezi uliopita mashine inatafuta huku na kule, uso hubadilika, jina hubadilika, lakini kidole hakibadiliki, na anasema hayo kwa upole, kama daktari wa meno anayekwambia bado kidogo tu, na yeye anasikia nusu, nusu nyingine imezama kwenye jina lililo chini ya picha, kwa sababu jina hilo si lake, ni jina la kule, jina la wale, ukilisikia tu unajua mwenyewe ametokea wapi, wakati wa vita jina kama hilo lilitosha, mtu hakuulizwa swali la pili, na sasa limetulia chini ya jicho lake dogo kwa herufi safi, na mbele yake kambi, hema la kumi na saba, safu ya tatu... na yeye alikuja kuchukua kadi tu. Kadi mpya ya kanda, ile yenye rangi za nchi zote mbili, anaitaka ili mwanawe aandikwe, maana cheti cha mtoto hakitoki bila kadi ya mama, alidhani atamaliza kabla jua halijawa kali, nguo ameziacha zimelowekwa kwenye beseni, wakubwa walipotia sahihi na kupeana mikono mbele ya kamera alijua ni mambo ya daraja na malori ya saruji, nani angemwambia kwamba mkataba ule ungetembea ukafika hadi kwenye kidole chake gumba.

Nyuma yake, hatua nane hivi, liko benchi la mashahidi, kwa sababu sheria inataka kila mwombaji aje na mzazi mmoja na jirani mmoja, wainue mkono na kuapa kwamba huyu ni wa kwetu, na mama yuko hapo, amevaa kile kitenge chake cha kwendea ofisini, ameketi na fundi viatu wa jirani, sauti zao zinafika, fundi anasema kiapo chake si cha bure, lazima kiteremshwe na chai, na mama anamjibu kwamba chai ya nyumba ile ameinywa miaka yote hata sufuria imechoka kumwona, na watu wa kwenye foleni wanacheka, mama ana ulimi, mama akisimulia hata mgonjwa hujigeuza kitandani asikie, na hadithi anayoipenda kuliko zote ni ile ya njiani, wakirudi kutoka kambini juu ya lori, huyu binti yangu, husema, alikuwa mzito wa kichwa jamani, hata jina lake mwenyewe alikuwa akilisahau, namuuliza wewe nani, ananitazama, namfundisha, namuuliza tena, ananitazama, njia nzima kazi yangu ni hiyo, tumefika kwenye kizuizi cha askari ndipo kalisema sawasawa na mimi nikashukuru Mungu... na wote hucheka, yeye mwenyewe hucheka, amecheka hadithi hiyo kwenye misiba na kwenye harusi, hata kwenye harusi yake mwenyewe ilisimuliwa, na mume wake akafuta machozi kwa kucheka, na sasa hadithi ile ile inamjia bila kicheko, wewe nani, sema tena, wewe nani, mkono umembana kidevu, harufu ya dizeli, na kabla ya hilo jina alilofundishwa kulikuwa na jingine, bila shaka lilikuwepo, mtoto wa miaka sita hawezi kuwa mtupu kama debe, lilikwenda wapi, linaangalia kutoka kwenye skrini na yeye halijui, hata akilitamka kimoyomoyo ulimi unakataa, ni kama kuvaa kiatu cha mtu... na shangazi, shangazi naye, siku ile wanachambua mchele barazani, shangazi alisema kambi inakondesha watu lakini huyu ndiye pekee niliyewahi kumwona akaenda mwembamba akarudi mnene, akaenda na jino limeng'oka akarudi nalo, wakacheka, na mama hakucheka, mama aliinuka na ungo wake akaingia ndani, na yeye alidhani mama amechukia kwa sababu shangazi anapenda kupima chakula cha watu.

Karani anamwomba asogeze kidole kidogo, ahakikishe, anasogeza, taa ya kijani inapita chini ya ngozi, picha ni ile ile. Ukutani juu ya kichwa cha karani kuna bango la serikali, watu wawili wa rangi za kadi wameshikana mikono, maneno ya chini yamefunikwa na kabati la mafaili, yamebaki ya juu tu, Sisi Sote, na yeye anakumbuka darasa la tano, waliporudi wale watoto wa kule waliokimbia vita, mwalimu akamweka mmoja kwenye dawati lake, msichana mwenye sketi iliyofupishwa kwa uzi mweusi, na yeye alisogea hadi ukingoni mwa dawati na kusema kwa sauti, darasa zima lisikie, kwamba wale wananuka moshi, hakutumwa na mtu, alilitoa mwenyewe, na msichana yule hakulia, alikunja mikono tu ikawa midogo, na jioni alipomsimulia mama akitegemea sifa, mama alimpiga kofi, la kwanza na la mwisho maisha yake yote, halafu akamkumbatia mpaka akashindwa kupumua, na hakumwambia kosa lake ni nini... sasa anajua lilikuwa nini. Hapana, hajui. Anajua nini? Mashine imekosea, mashine hukosea, juzi juzi fundi viatu aliandikiwa kwamba ni mjane, akazunguka mtaa mzima akiwaonyesha watu karatasi na kuuliza marehemu mume wake alikuwa nani, wakacheka wiki nzima, basi na hii ni hiyo hiyo, atacheka, atamwambia mama, mama atapata hadithi nyingine... lakini jicho. Mashine haiwezi kubuni jicho.

"Kuna jambo jingine," karani anasema, na sasa ameshusha sauti, miwani imerudi machoni. "Huyu mtoto anatafutwa. Na si faili lililolala, dada. Mwaka huu, mwezi wa pili, mtu amekuja."

Amekuja. Karani anaeleza, utaratibu wa kule ni kwamba faili la aliyepotea hufungwa kila mwisho wa mwaka, mtafutaji akitaka liendelee lazima aje mwenyewe, hatumi mtu, haandiki barua, anakuja anaweka kidole, na karani anamgeuzia skrini aone, alama za kidole gumba zimepangwa moja chini ya nyingine kama mbegu kwenye tuta, kumi na tisa, zile za mwanzo zimekolea, za mwisho zimefifia katikati, kidole cha mtu anayelima au anayefua, mistari imelika, na pembeni, uhusiano, mama mzazi. Kumi na tisa. Mwaka ule alipoanza shule mtu alikuja akaweka kidole. Mwaka alipougua tetekuwanga mama akakesha akimpaka magadi, mtu alikuja. Mwaka wa harusi. Mwezi wa pili mwaka huu, mwezi wa pili alikuwa wapi, mwezi wa pili huyu wa mgongoni alikuwa anaota jino, alilia siku tatu, na yeye alimwachia mama akatoka kwenda dukani tu, dukani, aliporudi akamkuta amenyamaza alihisi wivu kidogo, dakika ishirini hajamwona mwanawe na matiti yalishamuuma... na yule miaka kumi na tisa. Majirani zake watakuwa wamemsema, wamesema kichwa chake kimeguswa, kila mwezi wa pili anavaa vizuri anakwenda kuweka kidole, na karani wa kule atakuwa amemwambia kwa upole huu huu, bado, mama, labda mwakani.

"Nikibonyeza ndiyo, mafaili yanakuwa moja na yeye anaarifiwa leo," karani anasema. "Nikibonyeza hapana, hili la zamani linafutwa na upande wa kule wanaambiwa utafutaji umekwisha. Mashine hainiruhusu kuruka. Nibonyeze ipi?"

Benchini mama amekatisha hadithi katikati. Hilo ndilo analolisikia kwanza, fundi anauliza ikawaje basi, na yeye anageuza shingo kidogo tu, mtoto asiamke, na anamwona mama ametazama skrini iliyogeuzwa, hatua nane, mama ambaye hawezi kutia uzi kwenye sindano bila kuomba msaada, hawezi kusoma chochote kutoka pale, lakini kitambaa chenye madoa anakiona, na mkono wake umekwenda mdomoni ukabaki huko, na uso wake si wa mtu anayeshangaa. Anajua. Alijua tangu walipopewa namba ya foleni, alijua na akavaa kitenge akaja kuapa... na maswali yanamjia yote kwa pamoja yanagongana mlangoni, ulinikuta nalia peke yangu au ulinivuta kutoka kwenye mkono wa mtu, yule binti yako aliyekwenda mwembamba na jino lililong'oka yuko wapi, alizikwa wapi, ulimzika mwenyewe, ulikaa siku ngapi na karatasi ya lori iliyoandikwa mama na binti mmoja kabla hujaniona, na uliniona nini, jicho au mtoto wa kujaza jina lililobaki kwenye karatasi, na siku ya kofi ulikuwa unampiga nani. Akisema hapana mama atainuka aape, watarudi nyumbani, chai itanyweka, na mwezi wa pili ujao mtu atafika kwenye dirisha la kule amevaa vizuri na kuambiwa imekwisha. Akisema ndiyo watamwita mama kwenye chumba, watamuuliza, labda watamwandika mwizi, mwanamke huyu aliyempaka magadi, na mwanawe ataandikwa wa wapi, wa huku, wa kule, watoto wa shule watasogea ukingoni mwa dawati... watasogea, na atakunja mikono, na mtu atamwambia nini, au kumbe ana jibu sasa, kumbe kuanzia leo ndiye anayeweza kumwambia.

Dada, anasema karani, watu wanasubiri, na kweli foleni imefika mlangoni, mtu anakohoa, taa ya kijani inapita tena chini ya kidole ambacho hakijasogea, na yeye anagundua kwamba hatafuti tena ndiyo wala hapana, ndiyo imeshapita yenyewe bila kumuaga, anachotafuta kwenye skrini ni mwaka wa kuzaliwa wa yule mama wa kule, anausoma, anautoa kwenye wa mama kichwani, taratibu, kwa vidole vya mkono mwingine vilivyoshika mguu wa mwanawe, wamepishana miaka mitatu, yule amemzidi mama miaka mitatu, basi yule atakuwa mama mkubwa, na huyu wa kwenye benchi, aliyeinuka sasa na hajui aje au akimbie, itabidi awe mama mdogo, na hatakubali, anamjua, atasema yeye hajawahi kuwa mdogo wa mtu.