Sehemu Moja Katika Mia

Kila alipompa mtu mkono, bawabu alipoteza sehemu moja katika mia ya mwendo wake. Haikurudi.

Ilianza Jumatatu. Usiku wa kuamkia siku hiyo, ghorofani, fundi wa kompyuta alikuwa na mawe elfu nne kwenye skrini, yakiporomoka kwenye mfereji wa chuma ambao kiwanda cha kokoto kilitaka kuujenga. Kila mawe mawili yalipogongana, hesabu iliyapunguzia kasi sehemu moja katika mia, kwa kuwa mawe ya kweli ndivyo yalivyo: yakigongana hupata joto, hupiga kelele, huchoka. Meneja aliona yanachelewa kufika chini.

"Ifute hiyo hasara."

"Bosi, nishati haifutiki hivihivi. Mawe yasipoilipa, atailipa mwingine."

"Basi ailipe huyo mwingine."

Fundi akaifuta. Mawe yakakimbia bila kuchoka, bawabu akachoka badala yake.

Wafanyakazi wa ofisi hiyo walikuwa thelathini na wawili. Wenyewe kwa wenyewe walipungiana mikono tu kwa mbali, wakaponea hapo. Bawabu alimpa kila mmoja mkono asubuhi akiingia, na mchana akitoka kwenda kula. Hivyo mwendo wake ulipungua nusu kila siku.

Mkewe alikuwa amelazwa hospitali, mwendo wa dakika ishirini. Wagonjwa walionwa saa kumi hadi saa kumi na moja. Bawabu alitoka kazini saa tisa. Jumatatu aliwahi. Jumanne alifika saa kumi na dakika ishirini. Jumatano alifika saa kumi na moja na dakika arobaini, akakuta mlango umefungwa. Akaitikisa saa yake. Saa ilikuwa nzima.

Alhamisi fundi alimpakia kwenye gari lake. Gari likaenda kwa mwendo wa bawabu. Kuku akawapita.

"Mzee, acha kupeana mikono, nakuomba."

Jibu lilichukua muda kufika.

"Sasa mwanangu... nikuache upite getini... kama mbuzi?"

Walikuta mlango umefungwa.

Fundi alikagua hesabu mara tatu, asione kosa. Mawe yalikuwa sawa. Asiyekuwa sawa ni mtu, na mtu hakuwemo kwenye hesabu. Ijumaa asubuhi alimwomba meneja airudishe hasara mahali pake.

"Ripoti imeshasainiwa," alisema meneja. "Halafu bawabu kazi yake nini? Si kusimama?"

Mchana huo habari ikaja getini kwamba mke wa bawabu amefariki. Watu hamsini na watatu walifika kumpa pole, kila mmoja kwa mkono. Hakumnyima hata mmoja. Saa saba akaanza safari ya makaburini, ambako mtu mwenye mwendo kamili hufika kwa saa moja. Maziko yalikuwa Jumamosi saa kumi. Yeye alifika Jumapili asubuhi, udongo umeshakauka juu. Mfereji ukajengwa kama ripoti ilivyosema.

Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi alikuwa na haki ya saa nne na mkewe. Alipata saa moja na dakika arobaini. Jumatatu alizungumza kwa nusu ya mwendo wake, Jumanne kwa robo. Ukijumlisha, ni maneno ya dakika arobaini.