Kitovu cha Bei Poa

Jumanne asubuhi Dada Mkubwa alikuwa anabadilisha karatasi ya mashine ya risiti kwenye kaunta namba moja, miwani imemteleza hadi ncha ya pua, aliposikia spika za dukani zikimwita ofisini. Sauti ilikuwa ya mdogo wake. Spika hizo kwa kawaida zilitangaza punguzo la mafuta ya kupikia, kwa hiyo wateja wawili walikimbilia vikapu kabla ya kuelewa kwamba hakuna kilichoshuka bei.

Jina la kuzaliwa la mdogo wake lilishasahaulika. Mji mzima ulimwita Bei Poa, na hata sahihi yake ilisomeka hivyo. Alikuwa na maduka saba makubwa, yote yamepakwa rangi ya machungwa, na tumbo la wastani kwa mtu mwenye maduka saba. Dada yake alipoingia, alifunga mlango kwa ufunguo, akapandisha shati hadi kifuani.

"Tazama."

"Nitazame nini?"

"Ndiyo hicho hicho. Hakuna kitu."

Kweli hakukuwa na kitu. Pale ambapo watu huwa na kitovu, Bei Poa alikuwa na ngozi tupu, laini kama sahani iliyotoka kuoshwa. Dada Mkubwa alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena.

"Umeangalia kwenye shuka?"

"Nimekung'uta mpaka mito."

"Na chini ya kitanda?"

"Dada, kitovu si soksi."

"Kimetoka lini?"

"Juzi Jumapili. Nilirudi kutoka kwenye tuzo, nikaingia kuoga, sikukiona."

Jumapili hiyo, wakati wa chakula cha mchana, chama cha wafanyabiashara kilimpa Bei Poa tuzo ya kujitegemea, mkono wa kioo mzito kama jiwe la mizani. Akapewa na kipaza sauti, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. "Sikushikwa mkono na mtu," aliwaambia. "Sikuwa na mjomba serikalini. Sikuwa na wa kunipikia hata uji. Mimi nimejitengeneza mwenyewe, kuanzia unyayo hadi utosi." Ukumbi ulisimama kumpigia makofi. Dada Mkubwa naye alipiga, akiwa kwenye meza ya madereva, maana waandaaji hawakujua wamkalishe wapi. Mama yao hakupiga. Hakualikwa.

Duka la kwanza, kusema kweli, lilikuwa dirisha. Mama alikata mche wa sabuni kwa uzi, vipande vinane visivyopishana hata unywele, akaviuza kupitia dirisha la chumba alicholala na wanawe. Dada Mkubwa aliacha shule darasa la saba ili akae pale Mama anapokwenda kufuata bidhaa, mdogo wake akiwa mgongoni. Mdogo mwenyewe alianza kuchangia alipomaliza chuo, miaka mingi baadaye. Alileta ubao ulioandikwa BEI POA. Ulikuwa ubao mzuri, hilo hakuna aliyembishia.

Daktari alimpapasa Bei Poa, akamgongagonga tumboni kama mtu anayechagua tikiti maji, akasema ana afya. "Kitovu ni kovu tu, mzee. Lako limepona."

Bei Poa alitoka pale akitembea kwa mwendo mwingine. Kufikia Ijumaa tumbo lake, lililopigwa picha kuanzia shingo hadi mkanda, lilikuwa kwenye mifuko ya maduka yote saba, na chini yake maneno ALIYEJITENGENEZA MWENYEWE. Watu walimiminika. Aliyejaza kikapu aliruhusiwa kulitazama tumbo lenyewe, Jumamosi, saa nne hadi saa sita, karibu na rafu za biskuti. Wanachama wenzake walimvuta pembeni kumuuliza anatumia mafuta gani. Wawili kati yao tayari walikuwa wanaona vitovu vyao vimeanza kuwa vifupi.

Jumapili iliyofuata Dada Mkubwa alikwenda kumsugua mgongo mama yao, kama alivyofanya kila wiki tangu bega la Mama likaze. Mama bado aliishi kwenye chumba kile kile chenye dirisha, ambacho sasa kilikuwa nyuma ya duka la kwanza, kati ya stoo na choo cha wafanyakazi. Alipogeuka kwenye kigoda ili amwagiwe maji, Dada Mkubwa aliona vitovu viwili. Kimoja kilikuwa chake, kimezama. Kingine kilikuwa vidole viwili chini yake, kimechomoza kama kitufe cha koti.

"Mama, hiki si…"

"Ni cha mdogo wako. Nakijua. Mkunga alikifunga ovyo, kikabaki kimetokeza hivyo. Mwenyewe alilia siku tatu." Mama alikipangusa kwa ncha ya taulo. "Kilikuja Jumapili ile, mchana. Nilikuwa natafuna, nikasikia tumboni kama mtu anabisha hodi."

"Kinauma?"

"Hapana. Ila nashangaa kidogo. Kwenye duka lake ukutani wameandika mali ikishauzwa hairudishwi. Mimi changu kanirudishia." Alichovya kidole kwenye mafuta, akakipaka polepole, kwa kuzunguka, kama kinavyopakwa cha mtoto mchanga. "Nishikie taulo, mwanangu. Baridi hiyo."

Jumatatu Dada Mkubwa alipanda ofisini bila kuitwa. Alimkuta mdogo wake ameinamia mchoro mkubwa uliotandazwa mezani.

"Kitovu chako kiko kwa Mama."

"Kinamsumbua?"

"Hapana. Anakipaka mafuta."

"Basi akae nacho." Alinyoosha kona ya mchoro iliyojikunja. "Hata hivyo nilitaka tuongee kuhusu kile chumba. Tunapanua duka. Pale patakuwa chumba cha baridi, cha kuku na maziwa. Na mwanasheria anasema pana tatizo jingine. Kwenye mifuko tumeandika sina mtu. Waandishi wakija wakamkuta bibi mle ndani anasema mimi ni mwanawe, si nitaonekana mwongo?"

"Wewe ni mwongo."

"Huo ni uongo wa ndani, Dada. Mimi nazungumzia wa nje."

Safari hii aliyefunga mlango alikuwa Dada Mkubwa. Alisimama mbele ya meza, mikono kiunoni, kama zamani alipokuwa anamlazimisha kunywa dawa ya minyoo.

"Sema kweli mara moja tu. Hapa hapa, hakuna anayesikia. Nani alikulisha?"

Bei Poa alitazama dari. Alitazama mkono wa kioo. Mwishowe akasema, kwa sauti ya mtu aliyevunja kikombe cha wageni, "Mama. Mama ndiye alinilisha. Duka lilikuwa lake. Na wewe uliacha shule kwa ajili yangu."

Akahisi shati limegusa kitu katikati ya tumbo. Alilipandisha, wote wawili wakatazama. Katikati ya tumbo palikuwa pamebonyea kidogo, kama unga uliokandwa ukiguswa kwa kidole, na ndani ya kibonyeo hicho kitu kilikuwa kinaanza kuchomoza. Bei Poa alikigusa kwa kidole cha shahada. Mdomo ulimcheza. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili au tatu, Dada Mkubwa alimwona mtoto aliyembeba mgongoni huku akipokea wateja dirishani, na akasogea ili amshike bega.

Simu ya mezani ikalia. Mpiga picha alikuwa chini, taa zimeshawekwa, picha ni za mabango ya mwaka mzima.

Bei Poa alitazama simu, akatazama tumbo lake.

"Nimejitengeneza mwenyewe," alisema haraka, kama anayemeza kidonge kichungu. "Mwenyewe, mwenyewe, mwenyewe."

Ngozi ikajinyoosha. Aliacha shati wazi, akashuka kupiga picha. Dada Mkubwa alirudi kaunta namba moja, ambako foleni ilikuwa imefika kwenye dawa za mswaki.

Mama alihama mwisho wa mwezi. Gari la duka lilibeba kitanda, sanduku na sufuria zake, na karani akamtaka ajaze fomu ya kupokea mzigo. Kwenye nafasi ya uhusiano na kampuni, Mama hakujua kuandika nini, karani akamsaidia: mteja wa zamani. Tangu siku hiyo alikaa kwa Dada Mkubwa, jikoni asubuhi, kibarazani mchana. Dada Mkubwa alinuna wiki nzima, hasalimii mtu kazini. Mara mbili aliandika barua ya kuacha kazi, mara mbili akaichana, kwa sababu alikuwa na miaka hamsini na moja na kitu pekee alichokijua duniani ni kaunta. Mama hakununa. Alisema aliwahi kumbeba mzima mzima miezi tisa, sembuse kitovu.

Kitovu nacho hakikuwa na shida. Bei Poa akila vizuri kwenye hafla, kilinguruma. Siku aliyoshikwa na homa kilipata moto kama birika, na Mama alishinda akikiwekea kitambaa cha maji. Kesho yake Bei Poa aliamka mzima, akaagiza iongezwe sentensi kwenye kijitabu cha maisha yake, kwamba mwili wake hujitibu wenyewe.

Duka la nane lilipofunguliwa, redio ilimhoji moja kwa moja, Alhamisi saa tatu asubuhi. Dada Mkubwa alikuwa zamu ya mchana, kwa hiyo walisikiliza pamoja jikoni, yeye akichambua mchele. Mtangazaji aliuliza siri ya mafanikio. Bei Poa alianza kujibu, sauti ikakwaruza, akakohoa, akaanza tena, ikakwaruza tena.

"Koo limemkauka," Mama alisema. "Tangu asubuhi hajanywa kitu."

"Mwache akauke."

Mama aliinuka, akajimiminia maji glasi nzima. Aliyanywa yote, taratibu, mkono mmoja tumboni.

Redioni kikohozi kilikatika. Sauti ya Bei Poa ilirudi nzito, tamu, imeshiba. "Kama nilivyosema, ndugu mtangazaji, mimi simtegemei mtu. Sijawahi, na sitarajii."

Mama aliisuuza glasi, akaigeuza juu ya sinki ichuje maji.

"Eeh," alisema. "Sasa anasikika."