Wazo la Masoudi Mbele ya Baraza

Nimekuwa katibu wa baraza la usuluhishi la kijiji chetu, huku Nkowe, kwa miaka kumi na moja. Nimeandika kesi za ng'ombe kula ufuta, za mipaka ya mikorosho, hata ya bata aliyetukanwa. Lakini kesi ya kushtaki wazo aliileta Masoudi, na mpaka leo nikiikumbuka naudhika.

Wazo lenyewe lilikuwa moja tu: "Mke wangu Hafidha hanitaki tena." Lilimkaa kichwani msimu mzima, akakonda, ufuta ukapasukia shambani bila kuvunwa. Mwishowe akaenda Nachingwea kwa mshauri wa saikolojia, dada mmoja anaitwa Goreti. Goreti akamweleza vizuri tu: mara nyingi kinachomwumiza mtu si jambo lenyewe, ni vile anavyoliwaza. Usiliamini wazo kwa sababu tu limekujia. Lihoji, tafuta ushahidi wa kulithibitisha na wa kulikanusha, kisha upime.

Goreti alikusudia ayafanye hayo kwenye daftari. Masoudi, ambaye tangu azaliwe ameona ushahidi ukipimwa mahali pamoja tu, akaja kwangu kuchukua hati ya wito.

Mwenyekiti wetu, Mzee Mahamudu, hana mzaha. Alisema kesi haisikilizwi mshtakiwa akiwa hayupo, na kwa kuwa mshtakiwa anaishi kichwani mwa mlalamikaji, Masoudi atakalia viti vyote viwili kwa zamu.

"Na mshtakiwa avue kofia," akaongeza.

Masoudi akavua. Aliporudi kwenye kiti cha mlalamikaji, akaivaa.

Hafidha alikaa nyuma kwenye mkeka, anachambua kunde. Hakuitwa. Kwa desturi yetu mke hatoi ushahidi kwenye kesi ya mumewe, eti mambo ya ndani humalizwa ndani. Na hayo ya ndani tulikuwa tumeshayamwaga mbele ya kijiji kizima!

Ashura, jirani yao, alisema Hafidha huimba akipalilia, na Masoudi akitokea hunyamaza. Watu wakaguna. Masoudi alikuwa kwenye kiti cha mshtakiwa, akatabasamu kwa ushindi, kisha akakumbuka yeye ni nani, akalia.

Ndipo akasimama Lubasha, mfugaji aliyehamia kwetu kutoka Kanda ya Ziwa.

"Mwenyekiti, mimi ni mtu wa ng'ombe, mapenzi siyajui. Lakini ng'ombe wangu walipoingia shambani kwao, huyu mama alikuja na fimbo, analia, 'Mume wangu akiona atakufa kwa presha!' Mtu usiyemtaka, unamwogopea kifo?"

"Alimlilia mume au aliulilia ufuta?" akauliza Mzee Mahamudu.

"Vyote, mzee. Ila mume alimtaja kwanza."

Hilo ndilo lililoamua. Baraza likauliza kama wazo lina ndugu wa kulitetea, hakuna aliyejitokeza. Hukumu ikasomwa: wazo ni la uongo, na liwe limeondoka kijijini kabla ya adhuhuri. Masoudi alimkumbatia kila aliyekuwa karibu, mpaka Lubasha. Nisiseme uongo, hata mimi machozi yalinilenga, maana mtu yule alikuwa ameteseka.

Nikachukua muhuri. Hafidha akauweka ungo chini, akaja mezani kwangu.

"Katibu, rufaa inakatwa ndani ya siku ngapi?"

"Kumi na nne. Lakini mumeo ameshinda, Mama Faudhia. Nani wa kukata?"

"Mimi. Hilo wazo limeonewa. Lilikuwa linasema kweli."

Masoudi akasogea mezani.

"Mama Faudhia, mbona hukuniambia?"

"Baba Faudhia, umemwuliza Goreti, umekiuliza kijiji, umemwuliza mpaka mwenye ng'ombe," Hafidha akasema, bila hasira. "Mimi hukuniuliza."