Hatua Aliyoiacha Ndeshi

Yasinta alikuwa amekaa kwenye kigoda bafuni, khanga kiunoni, na mdogo wake Ndeshi akimkanda mgongo kwa taulo la maji ya moto, simu ya Ndeshi ilipoanza kulia kule jikoni.

"Iache," Yasinta akasema. "Maji yatapoa."

Ndeshi akaiacha, akaendelea kukanda huku sikio liko jikoni.

Mtoto alikuwa bado mchanga kabisa. Mama yao, aliyeko Kibosho, ndiye aliyetakiwa kuja kumlea mzazi, maana ndivyo ilivyo kwao, ila ubalozi wa Marekani ulimnyima viza. Modestus, mume wa Yasinta, ni dereva wa lori, akiondoka harudi upesi. Basi Ndeshi akaendesha gari kutoka kwake Lewisville mpaka kwa dada yake Alief, mtaa wa Houston, buti limejaa ndizi mbichi za mtori, ule mchuzi mzito anaopewa mzazi, utadhani Alief hakuna maduka.

Kupata ruhusa kwenyewe kulikuwa kazi. Kampuni yake ilikuwa na mfumo wa kuwapangia wagonjwa nafasi ya kumwona daktari. Kompyuta za kliniki ziliongea na mfumo huo kupitia API, yaani mlango ambao kompyuta moja inabisha na nyingine inaitikia. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kuandika mlango ule unabishwaje. Yote yalikuwa kichwani mwa Ndeshi. Kliniki mpya ikiingia, anapigiwa yeye. Yuko kanisani, anapigiwa. Yuko saluni, nusu ya kichwa imesukwa, anapigiwa. Likizo aliziomba, zikaahirishwa mpaka akachoka kuomba.

Bosi wake, Nderitu, mtu wa Nyeri mwenye mzaha mwingi, ndiye aliyemwambia ayaandike yote kwa mtindo wa OpenAPI, ule unaokubalika kote, ambao hata kompyuta inausoma yenyewe ikajua iombe nini na itajibiwa nini. Akimaliza, aende Houston akakae na dada yake.

"Nyinyi Wachagga mnalala na funguo za duka chini ya mto," akamtania. "Hizi usinifichie."

Ndeshi akaandika kwa utulivu, kama mtu anayechambua mchele: kila ombi na jibu lake, tarehe ziandikwe vipi, hata majibu ya pale mtu anapokosea. Ila alipokaribia mwisho akamkumbuka Wawira, yule binti wa Embu aliyekaa dawati la dirishani. Wawira aliandika kila alichokijua, akakatiwa keki ya shukrani, na haukupita muda kazi yake ikapewa watu wa mbali. Kibali chake cha kukaa Marekani kilikuwa kimefungwa kwenye kampuni, kama cha Ndeshi, kwa hiyo ikabidi afungashe arudi kwao.

Basi Ndeshi akaacha hatua moja. Nafasi ikishaombwa, lazima lifuate ombi jingine la kuithibitisha, la sivyo mfumo unaifuta siku inapoisha. Hiyo hakuiandika. Mashine ikaukagua waraka, ikaupitisha. Mashine inakagua kilichoandikwa; kilichoachwa haikijui.

Alipomaliza kumkanda dada yake alimfunga tumbo, akamlaza, akarudi jikoni kuponda ndizi. Hapo ndipo alipoitazama simu, akaona ni Nderitu, akampigia.

Nderitu hakutania. Kliniki mpya ya Mansfield, akasema, asubuhi ile watu walikuja na majina yao hayapo. Bibi mmoja aliletwa kwa kiti cha magurudumu, hajala wala kunywa kwa sababu ya kipimo, akarudishwa nyumbani na njaa yake.

"Nimesoma hiyo waraka yako juu mpaka chini, iko sawa," akasema. "Sijui ni nini. Kesho rudi ofisini. Pole sana, Ndeshi."

Ndeshi akasimama na mwiko mkononi. Akirudi, ataitengeneza kimyakimya, atashukuriwa, na kliniki nyingine ikija ataitwa tena, mwaka huu na mwaka ujao. Asiporudi, lazima aseme alichokificha. Kamba iliyombana aliifunga mwenyewe, na kwa mikono miwili.

"Wanakuita?" Yasinta akauliza kutoka chumbani.

"Wananiita."

"Nenda tu, mdogo wangu. Nitajikanda."

Wote wawili walijua mtu hajifikii mgongo. Ndeshi akapunguza moto, akapiga tena.

"Kaka Nderitu, kuna hatua sikuiandika."

Nderitu akauliza, taratibu, "Ulisahau?"

"Hapana."

Nderitu akaguna.

"Wawira," akasema.

"Wawira," Ndeshi akaitikia.

"Andika saa hii. Huku nitasema ulisahau." Akavuta pumzi. "Lakini siwezi kukuahidi kitu."

Aliandika palepale mezani, maganda ya ndizi yakiwa pembeni. Haikuwa kazi ndefu. Mashine ikakagua, ikapitisha, akatuma. Kisha akampelekea dada yake bakuli la mtori, akakaa kumshikia mtoto.

Siku ile simu haikulia tena. Kesho yake pia.

"Afadhali wamekuacha upumzike," Yasinta akasema, ameinama kwenye kigoda, mgongo tayari.

Ndeshi akakamua taulo. Maji yalikuwa moto sawasawa. Lakini kabla hajaanza alitoka mara moja mpaka jikoni, akaigeuza simu, akaangalia kama ina chaji.