Dakika Ishirini za Midrand

Bendi ya Mama Murielle haikujua wimbo mfupi. Kila Jumamosi mchana, katika baa ndogo ya Kensington, mtaa wa Jo'burg, wimbo mmoja ulikula dakika arobaini, na aliyekuwa na haraka alijua njia ya kutokea. Kwanza maneno, taratibu. Kisha Murielle aliwasalimu waliohudhuria, jina kwa jina: fundi cherehani, msusi, mlinzi aliyetoka lindoni. Jina la mwisho siku zote lilikuwa la Théodore, marehemu mumewe, mwanzilishi wa bendi. Likishatajwa, ndipo gitaa la Ignace lilipoingia, sebene, ule mchezo wa gitaa usio na maneno, likaanza, na hata wapigaji wenyewe hawakujua litaishia wapi.

Mwaka 2017 wakaalikwa kwenye tamasha kubwa Midrand. Aliyewaalika ni Cheryl, Mkenya aliyekuwa mmoja wa waandaaji. "Mna dakika ishirini," aliwaambia. "Watu wakicheza, mmetoboa."

Miaka kumi na moja Ignace alikuwa amewapigia Wakongo wenzake tu. Alitamani mno kusikika Jo'burg nzima, na hakuona haya kulisema.

Siku ikafika. Vijana walijilaza kwenye nyasi, vinywaji mkononi. Murielle akaimba, kisha akaanza kusalimu. Mgeni asiyebisha hodi ana adabu gani? Na kwa kuwa pale hakujuana na mtu, asubuhi alikuwa amepita akiwauliza majina mafundi wa sauti, wauza chakula, walinzi wa getini. Akawataja wote, bila kuruka hata mmoja. Dakika zikayoyoma. Vijana wakaanza kuinuka, wakijipangusa nyasi. Kando ya jukwaa Cheryl akaonyesha vidole vinne.

Ignace alijua limebaki jina moja, na alijua ni la nani. Théodore ndiye aliyemshikisha gitaa, tangu Lubumbashi. Akafumba macho, akaingia na gitaa, akamkatiza Murielle katikati ya pumzi.

Gitaa lilipolia, waliokuwa wakiondoka waligeuka. Dakika ya pili uwanja mzima ulikuwa umesimama. Ya nne ilipokwisha walikuwa wakipiga kelele waongezwe, na Ignace alikuwa akicheka peke yake kwa furaha.

Nyuma ya jukwaa Cheryl akaja mbio. "Eish, mmewamaliza! Mwaka ujao nawapa jukwaa kubwa, saa nzima. Lakini muanze moja kwa moja na gitaa. Hayo majina tuachane nayo."

Ignace akamtazama Murielle. Alikuwa akifuta kipaza sauti kwa ncha ya kitenge, hana hasira usoni. Afadhali angekuwa nayo.

"Mama, unisamehe. Muda ulikuwa unaisha."

"Ulipiga muzuri, mwanangu. Hata yeye angefurahi." Akaweka kipaza sauti mezani. "Mwaka kesho muende. Miye nitabakia Kensington. Kule batu banangojaka."

Cheryl akauliza kama wamekubali. Ignace akajibu ndiyo, kwa sauti ndogo mno, hata Cheryl akamwomba arudie.