Wekundu wa Fomu Mpya

"Geuza!" Sauti ilipasua wadi, na Fundi akalazwa ubavu hata kabla hajamaliza kulalamika. Muuguzi huyo wagonjwa walimpachika jina la Mama Geuza, maana kila baada ya saa mbili alipita kitanda kwa kitanda akiwageuza waliolala kama magogo, wasije wakapata vidonda vya kulalia. Mdomo wake haukuwa na breki, na umbea wa wadi nzima ulipitia kwake kwanza.

"Fundi, leo binti yako kapendeza. Tumepata mkwe nini?"

"Muulize mwenyewe, yupo hapo," alicheka mzee. Alikuwa mwashi mpaka alipoanguka kutoka jukwaa la ujenzi, miguu ikafa ganzi.

Mama Geuza akaweka mgongo wa mkono juu kidogo ya makalio, penye mfupa. Utani ukamkauka. Palikuwa pamoto, tena pagumu. Kwa ngozi nyeusi kama ya Fundi, kidonda hubisha hodi hivyo hivyo. Ukisubiri ibadilike rangi, utakuta nyama ya ndani imeshaoza.

Mara wakaingia mkuu wa wadi na karani wa ofisi kuu, yule waliyemwita Bwana Faili, fomu mpya kwapani. Fomu ya zamani ilipima hatua ya kwanza ya kidonda kwa joto, ugumu au rangi. Hii ilibakiza neno moja tu: wekundu. Asiye na wekundu ananyang'anywa godoro la hewa la kuzuia vidonda, kama lile alilolalia Fundi.

"Huyu ana wekundu?" aliuliza Bwana Faili.

"Hana. Lakini pamoto, na pagumu kama..."

"Basi sifuri. Godoro linakwenda wadi ya kulipia."

"Kaka yangu, wekundu utauona wapi kwenye ngozi hii? Au nimpake rangi ya mdomo?"

Vitanda vya jirani vikaangua kicheko. Bwana Faili hakutabasamu.

"Wataalamu wamekaa kikao wiki nzima, dada. Wewe nani uwapinge?"

"Mimi ndiye ninayemgusa. Hebu weka mkono wako hapa."

Karani akarudi nyuma. "Kazi yangu kuandika, si kushikashika watu."

Mkuu wa wadi ndiye aliyegusa. Aliuondoa mkono haraka, kama aliyeshika sufuria jikoni, kisha akachukua kalamu na kuandika sifuri. Akasaini.

"Nimebakiza miezi minane nistaafu, mwanangu," alinong'ona bila kumtazama Mama Geuza. "Usiniponze."

Binti wa Fundi aliwatazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo baba anaoza, nyie mnaandika hana kitu?"

Bwana Faili aliinama, akachomoa waya wa pampu ya godoro. Godoro likaanza kunywea, na Fundi akashuka taratibu mpaka mgongo ukagota kwenye vyuma vya kitanda. Akauma meno, macho juu darini.

Mama Geuza aliivuta fomu. Chini ya ile sahihi aliandika kwa herufi kubwa: PAMOTO. PAGUMU. NIMEGUSA MIMI, NA MKUU WA WADI AMEGUSA. Kisha akampa kalamu binti. "Saini hapa, mdogo wangu. Wewe ni shahidi."

"Umeichafua fomu ya serikali!" alifoka karani.

"Leta nyingine, nayo nitaichafua."

"Hii inakwenda juu na jina lako."

"Ipeleke," alisema, mikono tayari iko chini ya mabega ya mzee. "Na jina usikosee hata herufi."